Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: oksijeni ipimwe kwenye figo yenyewe

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili ipandikize figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ifuate mwaka 2018, wagonjwa wanatibiwa hapa nchini badala ya kupelekwa India. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na ninaomba kifaa kimoja, cha kupima oksijeni kwenye figo iliyopandikizwa, kiongezwe katika vyumba vya upasuaji vya hospitali hizo.

Daktari akimaliza kuunganisha mishipa na kufungua vibanio, figo iliyopauka huiva wekundu, na pengine mkojo huanza kutoka palepale mezani. Ni dalili njema, lakini hutegemea macho na vidole, na mshipa uliojikunja kidogo unaweza kupita bila kutambuliwa. Oksimita ya kidoleni, kile kibanio kinachopima oksijeni ya damu kwenye kidole, haisaidii hapo, kwa sababu inaweza kusoma asilimia 98 huku figo mpya ikikosa damu. Kifaa ninachokisemea huwekwa juu ya figo yenyewe na kupitisha mwanga wenye mawimbi ya urefu wa nanomita kati ya 700 na 900. Kwa kuwa himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) yenye oksijeni hufyonza mwanga huo tofauti na isiyo nayo, daktari huona oksijeni ikipanda au ikishuka ndani ya tishu kabla hajafunga jeraha, wakati ambapo kasoro ya mshipa bado inarekebishika.

Tena hakuna ngozi kati ya kifaa na figo, jambo lisilo dogo kwetu, kwani utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksimita za kidoleni hushindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe.

Kipimo hiki bado si utaratibu wa kawaida hata katika nchi tajiri. Kwa hiyo siombi ununuzi peke yake. Naomba kila usomaji uandikwe kwenye faili pamoja na kiasi cha mkojo, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi) ya siku zinazofuata, na kama mgonjwa alirudishwa kwenye dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, ndani ya wiki ya kwanza, ili madaktari wetu wajue ni kiwango gani kinachoashiria figo itakayochelewa kufanya kazi. Figo hizi hutolewa na ndugu walio hai, Mheshimiwa, na ikiharibika hakuna ya akiba.

Hospitali hizo mbili zatosha kuanzia, mradi fedha za matengenezo na mafunzo zitengwe pamoja na za ununuzi.

Wako mtiifu,
Fundi wa vifaa tiba