Nyuma Yako Kuwe na Rangi Gani? Neno kwa Wanaokuja Kupiga Picha za Kikazi

Wateja wengi wanaofika studioni kwetu, hapa Dar es Salaam, kupiga picha ya kikazi, yaani ile ya kichwa na mabega inayowekwa kwenye tovuti ya kampuni au LinkedIn, huwa wamekwisha kuamua jambo moja kabla hawajaketi: nyuma kuwe kweupe. Tunaelewa mazoea hayo yalikotoka. Picha ya viza ya Marekani hutakiwa kuwa na weupe nyuma, au rangi inayoukaribia, na ya pasipoti ya Uingereza hutakiwa kuwa na rangi ya krimu au kijivu hafifu, kwa hiyo mtu aliyezoea picha za fomu huona kwamba urasmi ndio huo. Hata hivyo, picha ya fomu hupigwa ili afisa akutambue, ilhali ya kikazi hutazamwa na mtu ambaye huenda hajawahi kukuona, na anayetaka kujua kama wewe ni wa kufanya naye kazi.

Weupe una taabu yake, na taabu hiyo huwaangukia zaidi wenye ngozi nyeusi, ambao ndio wengi wa wateja wetu. Kipimo cha mwanga cha kamera huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Kikikutana na ukuta mweupe uliojaza picha, huona mwanga umezidi na kuupunguza. Ukuta hutoka na rangi ya majivu, na uso hutoka giza kiasi kwamba macho hayaonekani vizuri. Ndiyo sababu picha iliyopigwa kwa simu mbele ya ukuta wa ofisi mara nyingi humwonyesha mtu mweusi kuliko alivyo, na si kosa la ngozi yake. Sisi hupima mwanga usoni, kisha tukaliwekea pazia la nyuma yako taa zake peke yake, kwa kiasi, maana zikizidi mwanga hurudi kutoka nyuma na kuzila kingo za nywele na masikio. Weupe unawezekana, lakini unadai nafasi na taa za kutosha.

Rangi nyeusi nayo hupendwa, hasa na mawakili. Mteja wetu mmoja alikuja na suti nyeusi, nywele nyeusi zilizonyolewa vizuri, akataka pazia jeusi, akakataa ushauri. Tulimpiga picha ya kwanza kama alivyotaka, tukamwonyesha kwenye skrini: uso na kola ya shati vilikuwa vikielea gizani, mabega hayapo. Alicheka mwenyewe. Tuliongeza taa ndogo nyuma yake, upande wa kushoto, ikachora mstari mwembamba wa mwanga kuanzia sikioni hadi begani, na suti ikarudi mahali pake. Pazia halikubadilishwa.

Asiyejua achague nini, tunampendekezea kijivu, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulishangaa. Karatasi moja ya kijivu, ile pana inayotundikwa nyuma ya mtu badala ya pazia, inaweza kutoa karibu rangi zote tulizozitaja. Mwanga wa taa hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: umbali kutoka kwenye taa ukiongezeka mara mbili, nguvu yake hubaki robo. Ukikaa karibu na karatasi, taa inayomulika uso wako huifikia nayo, ikaonekana kijivu hafifu. Tukikusogeza wewe na taa mbele kwa mita tatu, karatasi ileile hukaribia weusi. Na tukiimulika yenyewe, huelekea weupe. Kwa hiyo usishangae ukiona tunahamisha kiti badala ya kubadilisha karatasi.

Nguo ndiyo iamue zaidi. Kanzu, hijabu nyeupe au shati jeupe lisilo na koti humezwa na weupe wa nyuma, na kitenge chenye maua makubwa kinahitaji nyuma iliyotulia, bila mchoro wowote. Kuta za rangi kali tunaziogopa zaidi. Tuliwahi kupiga picha za wafanyakazi katika ofisi yenye ukuta wa kijani kibichi, nafasi ilikuwa finyu, tukawasimamisha karibu mno na ukuta, na kila mtu akatoka na ukijani kwenye taya na shingoni. Tulirudia kazi yote kwa gharama zetu. Tangu siku hiyo, pasipopatikana walau mita moja na nusu kati ya mtu na ukuta wa rangi, tunatundika karatasi yetu.

Nje pia panafaa, ila si saa sita mchana, wakati jua la huku liko utosini na kuyatia macho kivuli. Njoo baada ya saa kumi jioni.

Kampuni zinazotaka picha za timu nzima zifikirie na wale watakaoajiriwa baadaye. Tunaandika namba ya karatasi, umbali wa kiti na mahali pa kila taa, ili mfanyakazi atakayekuja baada ya miezi 8 afanane na wenzake. Nembo msiiombe kwenye kona ya picha, kwa kuwa LinkedIn huikata picha ya wasifu kuwa duara na kona zote hupotea.

Siku moja kabla ya kuja, tutumie kwa WhatsApp picha ya nguo utakazovaa, ikiwa imepigwa karibu na dirisha bila taa ya ndani, na utueleze itakapotumika. Ukifika, karatasi itakuwa imekwisha kutundikwa.