Kabla ya kuongeza ndoano

Kirumba, Mwanza

Mwanangu,

Huku hatujambo, mama yako anakusalimu. Barua yako kutoka kisiwani Ukara nimeipata. Unasema migonzo, zile kamba ndefu za ndoano nyingi, inarudi mitupu bila sangara, na unaomba pesa utoke ndoano mia tatu ufike elfu moja. Subiri kwanza. Mahali ambapo sangara hayupo, ndoano elfu moja zitakula chambo elfu moja na basi.

Anza na kina. Kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili maji ya juu ya ziwa hushika joto, yakawa mepesi, yakakaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo. Huko chini uozo wa matope unamaliza oksijeni, na hakuna inayoshuka kuijazia. Sato huvumilia maji yenye hewa kidogo, sangara hawezi. Anapanda juu au anasogea kwenye maji mafupi. Juni hadi Agosti upepo wa kusi hulikoroga ziwa mpaka chini, ndipo mita 50 na 60 zinapokuwa na samaki tena. Wazee hapo kambini wanaokwambia sangara mkubwa yuko kilindini hawakudanganyi, ila wanasema habari za Julai na wewe unatega Februari.

Mpaka wa hewa utauona kwenye chambo chako mwenyewe. Tega mgonzo mmoja ukifuata mteremko, ncha moja kwenye mita 15, nyingine kwenye mita 45. Pima kwa kamba yenye jiwe, yenye fundo kila mita 5. Asubuhi usihesabu samaki peke yao. Ndoano zikianza kurudi na chambo kizima, hakijaguswa, lakini kimekufa, andika hapo ni kina gani. Nanga ikipanda na tope jeusi linalonuka yai viza, umeshapita mbali. Rudi kwenye maji mafupi zaidi kwa mita 5 hadi 10 za kina, utege hapo. Usipotaka kuhama, inua mgonzo wenyewe: kila ndoano kumi funga boya dogo lenye kamba ya kufika kina unachotaka, mgonzo uning'inie badala ya kulala. Upepo mkali ukivuma siku mbili tatu, pima upya, maana maji ya juu husukumwa upande mmoja na yale mabaya ya chini hupanda upande wa pili.

Sasa chambo. Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ni rahisi kupata lakini hufa upesi akishachomwa ndoano. Kambale mdogo, urefu wa kiganja, ndiye wa kulipia: ana uvumilivu, na anaendelea kujinyonganyonga saa nyingi, na huko kujinyonga ndiko kunakomwita sangara gizani. Mchome kwenye nyama ya mgongo, chini ya pezi, ndoano itoke upande wa pili bila kugusa uti. Ukigusa uti umemuua. Chambo kikubwa kidogo kina faida nyingine: sangara wadogo hawakiwezi, nawe hutaki samaki wa chini ya sentimita 50, kwanza sheria hairuhusu, pili bei yake ni ya kusikitisha. Ndoano nayo iwe kubwa; kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua ukubwa.

Kwenye madumu, tenganisha kambale kwa ukubwa. Ukiwachanganya, wakubwa watawala wadogo usiku kucha na asubuhi utadhani umeibiwa. Waweke kivulini, badili maji yakipata joto, na dumu lisiwe lililowahi kubeba petroli hata kama limeoshwa mara ngapi.

Kutega kwenyewe unakujua. Nasisitiza mawili. Ndoano na ndoano ziachane mita 4, na kijiuzi kinachoshika kila ndoano kisizidi mita 1 na nusu. Kikirefuka kinamfikia jirani yake na mnakesha mkifumua. Tega jioni mtumbwi ukienda na upepo ili uzi utoke umenyooka. Alfajiri tegua kuanzia ncha ya chini ya upepo, omo, yaani mbele ya mtumbwi, ikiukabili upepo, mtumbwi usije ukapanda juu ya mgonzo. Boya la mwisho liwe na taa. Inamsaidia nahodha wa boti ya abiria asikukate, na inamsaidia mwizi pia, kwa hiyo laleni karibu.

Radi za ziwani hupiga zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, saa zenu hasa. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutoka, na jaketi za kuokolea zivaliwe, zisikaliwe.

Samaki akifika ubavuni mwa mtumbwi, kulabu ipige kichwani. Vijana wengi wanapiga tumbo kwa sababu ni laini, wakatoboa bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki, na bondo lililotoboka mnunuzi analishusha daraja mbele yako. Kumbuka pia kwamba sangara aliyevutwa haraka kutoka chini hufika tumbo limevimba, kwa sababu hewa ya bondo imetanuka. Hapo kulabu ikikosea kidogo tu imekwisha.

Barafu ndiko ninakotaka pesa iende. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kwa joto letu pungufu ya hapo ni kujidanganya. Ivunje iwe ndogo ndogo, kwa sababu mabonge yanaacha mapengo yenye joto na yanachubua ngozi. Tandika barafu, panga samaki, funika kwa barafu, panga tena. Sanduku liwe na tundu chini: maji yaliyoyeyuka yana damu na ute, samaki akiogelea humo anaoza akiwa baridi. Aliyepata barafu mara tu alipotoka majini anakaa zaidi ya wiki mbili. Aliyeachwa juani mtumbwini mpaka saa sita mchana, ajenti atafungua shavu, aone limepauka, akupe bei ya kukaangwa.

Kambale mia tatu watakuja na meli ya Nansio Jumamosi, madumu manne, pamoja na kipande cha godoro kuukuu cha kupigilia ukingoni mwa sanduku la migonzo uchomeke ncha za ndoano. Mtu wenu awapokee bandarini mapema na awaweke kivulini wakisubiri mtumbwi wa Ukara.

Baba yako