Umepulizishwa Alcoblow wikendi? Usikimbilie kusema "ni ukweli" Jumatatu asubuhi

Simu za kesi za kunywa na kuendesha hapa ofisini kwetu huingia usiku wa manane, Ijumaa kuamkia Jumamosi, na mara nyingi anayepiga sio aliyeshikwa, ni mke wake ama ndugu yake, anasema amepulizishwa Alcoblow, ile mashine ya polisi ya kupima pombe kwa pumzi ya dereva, hapo Thika Road, Nairobi, wamemweka ndani, gari iko stesheni, wakili tufanye nini. Wacha niandike hapa polepole yale huwa nayasema haraka haraka kwa simu, maana mtu akiwa na hofu hata hasikii vizuri.

Nianze na Jumatatu kortini kwa sababu hapo ndipo watu wanaumia. Wanatolewa seli wakiwa wamepangwa, viatu havina kamba, shati ni lile la Ijumaa, mdomo umekauka, na kazini hawajui uko wapi. Karani anakusomea mashtaka, anauliza ni ukweli ama si ukweli, na mtu anajibu "ni ukweli" kwa sababu anataka tu kwenda nyumbani akaoge. Imeisha hivyo, dakika chache. Halafu jioni ananipigia anataka rufaa, na mimi sina jibu tamu la kumpa, kwa sababu kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema ukishakubali kosa mwenyewe huwezi tena kupinga kupatikana na hatia, unabaki kulalamikia adhabu peke yake, na una siku 14.

Na sasa soma vizuri ulichokubali. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki hakisemi tu kwamba ulikunywa. Kinasema ulikuwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kanuni za kipimo za 2011 zinagongana na hicho kifungu, kwa sababu zenyewe zinaangalia kiwango cha pombe kwa pumzi ilhali sheria inauliza kama dereva alikuwa ameshindwa na gari. Kwa hivyo namba ya mashine ni ushahidi, ndiyo, lakini kuna maswali mengine ya kuuliza. Gari ilikuwa inayumba? Nani aliiona ikiyumba? Ulipimwa saa ngapi, na ulisimamishwa saa ngapi? Tulishapata kesi mtu ana kisukari, sukari imeshuka, anaongea kama mlevi na anapepesuka, na polisi aliyemshika hakuwa na nia mbaya, alichoona ni mlevi tu.

Kitu kingine watu hawajui, sio lazima uwe unaendesha. Sheria inashika pia mtu aliye na usimamizi wa gari barabarani ama mahali pa umma, kwa hivyo wewe uliyeamua kulala kwa gari nje ya klabu ukiwa na funguo mfukoni unaweza kujikuta unajibu kesi hiyo hiyo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 2 ama vyote viwili, na mahakama inaweza kukufungia leseni. Kama wewe ni dereva wa teksi ama wa lori hiyo leseni ndiyo chakula cha watoto, kwa hivyo usiniambie "ni faini tu nilipe niende".

Tukirudi usiku wenyewe. Usipigane na askari, usirekodi video ukimtukana. Toa jina, kitambulisho na leseni, halafu sema ungependa kuongea na wakili wako. Kunyamaza ni haki yako chini ya kipengele cha 49 cha Katiba, na hiyo stori ya "nilikunywa mbili tu afande" ndiyo utaikuta imeandikwa kwa taarifa ya shahidi. Angalia namba ya kipimo na saa, uziweke kichwani. Katiba inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia wakati korti imefungwa unangoja mpaka siku ya korti inayofuata, ndiyo maana wa Ijumaa usiku wanatokea Jumatatu. Hapo katikati OCS, yaani mkuu wa stesheni, anaweza kukuachilia kwa dhamana ya polisi. Ukilipa pesa taslimu dai risiti, hiyo pesa inarudi kesi ikiisha kama ulikuwa unahudhuria. Isiyo na risiti ni hongo, na Sheria ya Hongo ya 2016 ina kifungo cha mpaka miaka 10, kwa hivyo unaweza kuingia na kesi ndogo utoke na kubwa.

Jumatatu kama wakili hajafika, mwambie hakimu unaomba muda wa kuongea na wakili kabla ya kujibu. Si dharau, ni haki yako. Ukikana kosa unaomba dhamana ya korti na upande wa mashtaka unatupa taarifa za mashahidi mapema, tunazisoma na wewe mstari kwa mstari.

Na sitaki mtu afikirie tunafanya kunywa na kuendesha kuwa kitu kidogo. Nimeshakaa benchi moja na mama aliyegongewa mtoto, na siku hiyo sikuweza kula. Kama ulikuwa umelewa kweli na ushahidi umesimama tutakuambia ukubali, lakini ukubali ukiwa umeelewa, umesomewa maelezo ya kesi kwa lugha unayoijua, na kuna mtu wa kumweleza hakimu kwamba ni kosa lako la kwanza na una watu wanaokutegemea.

Jihadharini pia na wale wa kwa geti la korti wanaosema "niko na hakimu, leta elfu kumi". Wakili ana cheti cha kila mwaka na jina lake unalipata kwa tovuti ya Law Society of Kenya, angalia kwa simu yako kabla hujatoa hata shilingi. Sisi ada tunaiandika kwa karatasi kabla ya kuanza. Ukija beba karatasi ya mashtaka, risiti ya dhamana, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na kama unatumia dawa yoyote beba hata ile pakiti. Na kama uko ndani huwezi kuja, tuma mtu na jina la stesheni.