Risala ya wakulima wa milima ya kusini, Gunungkidul, kisiwani Java, Indonesia, kwa Mgeni Rasmi siku ya Rasulan

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Bapak Panewu, mkuu wa tarafa yetu, na ujumbe wako,
Bapak Lurah wa kijiji, Bapak Dukuh wa kitongoji na wazee wetu wa mila,
Kiai wetu, mwalimu wetu wa dini,
Ibu, mama zetu wa kikundi cha wanawake wakulima, vijana, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na mavuno, tukakutana tena siku ya Rasulan, siku ambayo kila mwaka baada ya kuvuna tunatoa shukrani kwa kile ardhi ilichotupa. Pili, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunakushukuru wewe binafsi kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua majukumu yako ni mengi, na tunaijua barabara uliyopita. Magari mengi hugeuzia pale chini penye kona ya mitiki, wewe umefika hadi hapa juu. Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kifupi sana, sisi ni watu wa Gunung Sewu, milima elfu, ingawa wataalamu waliovihesabu vilima hivi vya mawe ya chokaa wanasema ni kama 40,000. Wazee wetu waliishi hapa miaka ambayo vilima vilikuwa vitupu, na njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 bado inasimuliwa na mabibi wenye umri wa kuikumbuka. Tangu wakati huo mitiki imepandwa, vilima vimevaa kijani, watoto wamesoma. Mwaka 2015 UNESCO ikaitambua Gunung Sewu kuwa hifadhi ya jiolojia ya dunia, na sisi tunaolima katikati ya vilima hivyo tunajivunia heshima hiyo. Kikundi chetu kilianza kwa wakulima kumi na wawili waliokopeshana mbegu za karanga. Leo kina wanachama kutoka karibu kila nyumba ya kitongoji.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumenunua mashine ya kukatakata majani ya mifugo kwa fedha zetu wenyewe. Tumeweka zege kwenye njia ya kwenda makaburini kwa fungu la maendeleo ya kijiji, na kazi yote tuliifanya kwa gotong royong, yaani msaragambo, kiasi kwamba saruji ilibaki tukajengea choo cha msikiti. Kikundi cha akina mama kinasaga makopa, ambayo sisi huyaita gaplek, na tiwul yao, chakula cha unga huo, inauzwa mpaka mjini Wonosari. Na katika mashindano ya vikundi vya wakulima tulishika nafasi ya tatu, tukawazidi wenzetu wa mabondeni wenye udongo mnene kuliko wetu. Kombe liko pale mezani, Mheshimiwa, tunaomba ulitazame kabla hujaondoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo tunaomba utusikilize kwa jambo moja. Ni la maji.

Chai uliyokaribishwa nayo ulipofika imechemshwa kwa maji ya mvua ya mwezi Machi. Yalikingwa kwenye vigae vya nyumba ya Bapak Dukuh, yakakaa kwenye tangi la saruji nyuma ya jiko, na ibu aliyekuandalia aliyachuja kwa kitambaa cheupe mara mbili. Tumeyatoa kwa moyo mkunjufu, maana mgeni ni wetu. Lakini tulipokuwa tunachota tulisikia ndoo inagonga chini, na hapa tulipo ni mwanzo tu wa kiangazi.

Wageni wengi huja siku ya Rasulan. Wakati huo matangi bado yana maji kidogo, majani ya mihogo bado yako shambani, gunungan, lile rundo la mboga na mahindi lenye umbo la mlima, imepambwa, muziki wa gamelan unapigwa, na mtu anaondoka akiamini kwamba hapa mambo ni mazuri. Hatumlaumu, amesema alichokiona. Ila yeye haoni Agosti matangi yanapokauka, wala Oktoba tunapopanda mpunga wa nchi kavu kabla ya mvua, mbegu zikisubiri kwenye vumbi, nasi tukisubiri pamoja nazo.

Mvua kwetu si haba. Kwa mwaka hunyesha kama milimita 2,000, na kuna nchi nyingi za wakulima zinazoomba hata nusu yake. Tatizo ni jiwe. Maji yakianguka kwenye chokaa hayakai, yanazama kwenye nyufa, yanaingia kwenye mito iliyo chini ya ardhi na kwenda zake baharini. Pale ufukwe wa Baron, mheshimiwa yeyote aliyewahi kwenda kula samaki ameuona mto ukitokeza chini ya mwamba na kumwagikia mchangani, watoto wa watalii wakichezea maji matamu hatua chache kutoka kwenye maji ya chumvi. Sisi tunaoishi juu ya mito ya namna hiyo tunanunua maji kwa boza.

Na boza lenyewe, Mheshimiwa, tunaomba ulielewe kwa hesabu ya jikoni. Boza moja ni lita 5,000. Familia ya watu watano yenye ng'ombe wawili, ikioga kwa kopo na kuwanywesha mifugo maji ya kuoshea mchele, hulimaliza kabla ya mwezi kwisha. Kiangazi kirefu kama cha 2019 au 2023 kinataka maboza matatu au zaidi kwa nyumba moja. Mkulima wa muhogo na karanga hana fedha hizo mfukoni, kwa hiyo anauza ng'ombe. Na kwa kuwa majirani nao wanauza wiki hiyo hiyo, na ng'ombe amekonda kwa kukosa majani, mchuuzi ndiye anayetaja bei. Mwaka jana mbah mmoja, yaani bibi mzee, hapa kitongojini, mjane, aliuza ndama aliyekuwa amemwekea mjukuu wake ada ya shule. Katibu ninayesoma risala hii nilimsindikiza mpaka mnadani. Tuliporudi, boza lilikuwa limeshafika, na mbah alisimama kando ya tangi mkono wake ukiwa juu ya mpira wa maji mpaka tone la mwisho likaingia. Hakusema neno.

Zamani tulikuwa na telaga, yaani bwawa la maji ya mvua. Ni lile bonde ulilolipita mkono wa kushoto, penye miti ya beringin, jamii ya mikuyu. Maji yake yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, lakini yalikaa mpaka karibu na mvua mpya, ng'ombe wakanywa, tukafua, vijana wakajifunza kuogelea. Ukaja mradi wa kuiboresha. Mashine kubwa iliingia kuchimba tope ili telaga iwe na kina, na kingo zikajengwa kwa saruji zikapendeza. Wazee walinong'ona kwamba lile tope ndilo lililoziba nyufa za jiwe. Hawakuulizwa. Mvua ya kwanza telaga ilijaa tukashangilia, na baada ya wiki chache ilikuwa tupu, maji yamepita chini kama kwenye kapu. Hatumtaji mtu, na tunaamini waliofanya walikuwa na nia njema. Tunalieleza kwa sababu tangu siku ile hatuna tena maji yetu wenyewe ya kiangazi yasiyo ya kununua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatusemi kwamba serikali haijafanya kitu katika wilaya hii. Tunaufahamu mradi wa pango la Bribin, ambako wahandisi wa chuo kikuu cha Karlsruhe cha Ujerumani na wenzao wa hapa nchini walichimba shimo la kama mita 100 kwenda chini, wakauzuia mto ndani ya pango, na kuyafanya maji yaendeshe yenyewe pampu zinazoyapandisha. Ulikabidhiwa mwaka 2010, na wapo wenzetu wengi waliopata maji kwa sababu yake. Tunawaona pia ndugu zetu wa Nglanggeran, waliotajwa mwaka 2021 miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani, ambao bwawa lao la juu ya kilima linanywesha miti ya duriani. Kwa hiyo tunajua kwamba inawezekana. Maji katika Gunungkidul yanaweza kupanda mlima yakipandishwa.

Kwetu bomba kubwa linaishia chini ya kilima. Kutoka pale hadi kwenye nyumba ya kwanza ya kitongoji ni mita 1,200, na nguvu ya maji haitoshi kuupanda mwinuko. Koki moja tuliwekewa, iko karibu na uwanja wa mpira wa wavu. Siku ilipofunguliwa ilikatwa utepe, maji yakatoka, tukapiga picha. Yaliendelea kutoka usiku kwa miezi michache, halafu ikawa inapuliza hewa tu, na sasa haipulizi hata hewa. Mtoto wa darasa la kwanza ameikuta hivyo hivyo tangu amezaliwa. Akipita anaizungusha, kisha anaendelea na safari ya shule.

Mwaka wa kwanza tuliofanya Rasulan baada ya korona, mgeni wetu wa siku ile alisimama hapa uliposimama wewe na kutuahidi pampu kabla mahindi hayajaota. Tulimpigia makofi marefu. Mahindi yaliota, tukavuna, tukapanda tena. Mgeni aliyefuata alituletea wapimaji, vijana wachapakazi, nao walipiga vigingi vya rangi nyekundu kuanzia bombani hadi juu. Wakatuambia tuchimbe mtaro ili bomba likifika lisichelewe. Mheshimiwa, tulichimba. Hapa huchimbi kwa jembe, unachimba kwa mtaimbo na nyundo, na siku nzima mtu anaweza kupata urefu wa hatua tatu. Akina mama walipika, wanaume walivunja jiwe, vijana walioko Jakarta walituma fedha za mchele. Tulimaliza mita zote 1,200. Bomba halikuja. Mvua ikaushusha udongo, mtaro ukajaa, majani yakaota. Mwaka uliofuata tukaambiwa kazi iko karibu, tukauzibua upya. Sasa umejaa kwa mara ya pili. Vigingi bado vipo, rangi imefifia, kimoja utakiona kando ya msikiti ukitoka.

Andiko la mradi tumeliwasilisha kila mwaka kwenye kikao cha mipango ya maendeleo. Mara limeambiwa halina ramani, tukachora ramani. Mara limeambiwa fungu limekwisha, tukasubiri. Mara halikuonekana, tukachapisha jingine. Leo tunakukabidhi nakala mkononi, pamoja na ramani, picha za mtaro na saini ya kila kaya.

Kwa unyenyekevu mkubwa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba pampu moja ya kusukuma maji ya kuwekwa pale bomba linapoishia, bomba la mita 1,200, na tenki la saruji la lita 30,000 juu ya kilima, ambako maji yatashuka yenyewe kwenda majumbani. Kiwanja cha tenki kipo. Mzee wetu mmoja amekitoa wakfu, hati imeandikwa mbele ya kiai na Bapak Lurah. Umeme wa pampu tutaulipa wenyewe, kila nyumba itachangia kwa mwezi, na tumeshachagua kamati ya maji yenye akina mama watatu, kwa kuwa wao ndio wanaojua ndoo inavyouma begani. Mtaro tutauchimba kwa mara ya tatu. Tunaomba tu safari hii bomba litangulie kufika.

Hatuombi maboza ya msaada. Tunawashukuru wanaoyaleta kila kiangazi, na Mungu awalipe, lakini boza likishaondoka tunabaki tunahesabu siku. Wala hatuombi jiwe la msingi. Kama kuna namna, Mheshimiwa, tunaomba utuachie jina la ofisa mmoja tutakayemfuata na tarehe ya kumfuata, viandikwe kwenye kitabu chetu cha wageni kwa mkono wako. Kitabu hicho kina majina mengi mazuri na maneno mengi ya kututia moyo. Tarehe hakina.

Yapo na mambo mengine madogo: mbegu bora za karanga, na dawa ya minyoo kwa mbuzi. Hayo yamo kwenye andiko, hatutayasoma ili tusikuchoshe.

Mwisho, tunakualika tena. Pamoja na Rasulan ya mwakani, tunakuomba uje mwezi Oktoba mwaka huu, siku yoyote, bila gamelan na bila mahema. Hatutakuwa na gunungan wala zulia. Tutakupeleka telagani, tutatembea pamoja kwenye mtaro mpaka juu, na chai utakunywa kama leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima kubwa tunaomba kuwasilisha.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote.