Shosti, kile kikao bado sijakimeza

Shosti,

Nimesikia umepata kazi. Aliyeniambia hakujua kwamba hatusemezani, akanipa salamu za pongezi nikufikishie. Nakufikishia hapa, maana simu zangu hupokei. Hongera sana. Wanaonisoma kila siku watanivumilia leo.

Ila kwa kuwa unaanza upya, nakuomba usianze kama ulivyomaliza.

Kile kikao unakijua. Bosi kamaliza kueleza mpango wake wa kuunganisha vitengo, anauliza kama kuna maswali, kwa ile sauti ya mtu asiyetaka maswali. Ukasimama. Sisi wote huwa tunazungumza tumekaa. Wewe ukasimama na karatasi mkononi, ukasoma kasoro za mpango moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa za kweli, sijawahi kulibishia hilo. Kisha ukanigeukia: "Sema na wewe, si jana tulikubaliana?" Watu wote wakaniangalia. Nikainamia daftari, nikaandika tarehe. Nikaipigia mstari. Nikaupitia tena mstari ule ule mpaka karatasi ikatoboka.

Unajua kwa nini sikusema? Nilikuwa nimeshasema. Wiki ile ile, ofisini kwake, mlango umefungwa, nilimweleza kwamba akiunganisha vitengo katikati ya mwaka wa fedha, maswali ya mhasibu mkuu atayajibu peke yake. Akakuna kidevu, akasema ataliangalia. Bosi akikwambia hivyo faraghani, ujue kashaanza kurudi nyuma, anatafuta tu upenyo wa kurudi bila kuonekana kashindwa. Wewe ukauziba. Mpango ukapita siku ile ile, kwa hasira tu.

Kikaoni hapaamuliwi kitu, nimekwambia mara ngapi? Ukitaka jambo lipite, zunguka kwanza: mtu wa bajeti, mtu wa rasilimali watu, na yule katibu muhtasi uliyekuwa humsalimii, ilhali ndiye anayejua faili lipi liko mezani na lipi limekaliwa. Wakiingia kikaoni, kila mmoja anadhani wazo ni lake. Inauma, najua. Ndiyo maana baada ya mazungumzo unatuma barua pepe fupi, "kama tulivyozungumza leo", na nakala kwa anayehusika. Wewe ulikuwa unabeba kazi za wenzako kila ukiambiwa "tusaidie kidogo", halafu fomu ya tathmini unaijaza jioni ya siku ya mwisho, mistari miwili. Mimi yangu nilikuwa naiandikia kumbukumbu mwaka mzima. Ukaniita mnafiki kwa hilo. Kuandika nilichokifanya ni unafiki?

Na hili la kukaimu. Unawaambia watu nilikula nafasi yako. Nilipoulizwa nani anafaa, jina la kwanza kulitaja lilikuwa lako. Wakatazamana, mmoja akafunga faili. Ulitaka nifanyeje, nikatae na mimi, waletewe mtu wa nje asiyekujua wala kukuthamini? Nilichodai ni barua, yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na posho yake. Wangapi wamekaimu kwa mdomo mpaka wakastaafu? Ningekaa pale, ningekuvuta. Nilikuwa nimeshaanza kulisemea jina lako tena, wewe ukaandika barua ya kuacha kazi bila hata kuniuliza.

Nakukumbuka, shosti. Hakuna aliyekuwa ananichekesha kwenye vikao virefu kama wewe, ukiniandikia upuuzi pembeni ya ajenda.

Kwa hiyo huko uliko, kipindi cha majaribio kipite kwanza. Wasikilize, wasalimie, ujue nani anamsikiliza nani. Ukiona kosa kwenye mpango wa bosi, mwombe dakika kumi pembeni, umpe karatasi yako aisome mwenyewe. Mseme kwa ukali utakavyo, lakini mlango ukiwa umefungwa. Na usimgeukie mwenzako mbele za watu ukamlazimisha kuchagua. Mengine yote nimeshasamehe, hilo bado.