Wanafunzi wa shule za kati waachiwe kuchagua vitabu vya likizo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonigusa kama mwalimu wa lugha, na ambalo naamini linawagusa pia wazazi wengi wenye watoto wa umri wa miaka 11 hadi 14. Likizo ndefu ya kiangazi inapokaribia, shule nyingi za kati huwapa wanafunzi orodha ya vitabu viwili au vitatu vya lazima, vilivyoteuliwa na walimu, pamoja na karatasi ya maswali ya kujibu na kukabidhi siku ya kufungua shule. Nia ya utaratibu huo ni njema. Kinachonisikitisha ni kwamba mwanafunzi, ambaye ndiye atakayekaa na kitabu hicho kwa wiki nyingi bila mwalimu, haulizwi neno lolote kabla hakijachaguliwa.

Umuhimu wa kusoma wakati wa likizo ulionyeshwa zamani. Mwaka 1978 mwanasosholojia Barbara Heyns alichapisha utafiti wake juu ya wanafunzi wa darasa la sita na la saba mjini Atlanta, Marekani, na katika shughuli zote za likizo alizozichunguza, kusoma ndiko kulikohusiana kwa nguvu zaidi na maendeleo yao, iwe kumepimwa kwa idadi ya vitabu, kwa muda uliotumika au kwa mazoea ya kwenda maktaba. Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 39 na kukadiria kwamba mwanafunzi hurudi shuleni akiwa nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo hivi. Makadirio hayo yamehojiwa na watafiti wa miaka ya karibuni, akiwemo Paul von Hippel, wanaosema kuwa sehemu ya upungufu huo ilitokana na namna mitihani ya zamani ilivyotungwa. Mjadala wao ni wa haki, lakini hauondoi uzito wa jambo ninalolisemea, kwa kuwa hata kama mtoto hapotezi chochote likizoni, bado zile ni wiki nyingi ambazo angeweza kusonga mbele.

Umri huu una uzito wake wa pekee. Mtoto wa miaka 12 amekwisha kujua kusoma. Sasa anatakiwa asome ili ajue mambo mengine. Vitabu vya sayansi, historia na jiografia vinamletea sentensi ndefu na msamiati ambao hausikii nyumbani wala uwanjani anapocheza, na msamiati wa namna hiyo hauingii kichwani kwa kukaririshwa orodha ya maneno. Huingia polepole, neno likikutwa leo katika habari moja na kesho katika nyingine, mpaka maana yake ijengeke yenyewe. Ndiyo maana wingi wa kurasa una thamani. Mwaka 1988 Richard Anderson, Paul Wilson na Linda Fielding walitoa matokeo ya kufuatilia jinsi watoto 155 wa darasa la tano walivyotumia muda wao nje ya shule, na wakaona kwamba dakika zilizotumika kusoma vitabu zilibashiri maendeleo yao ya kusoma kuliko shughuli nyingine yoyote waliyoipima. Naye James Kim, mwaka 2004, aliona kuwa wanafunzi waliokuwa wakiingia darasa la sita na waliosoma vitabu vinne au vitano wakati wa likizo walifanya vizuri zaidi waliporudi.

Sasa nirudi kwenye ile orodha ya lazima. Mwalimu yeyote wa darasa la saba anajua kwamba katika chumba kimoja ana mwanafunzi anayesoma riwaya za watu wazima na mwingine anayetoka jasho kumaliza ukurasa mmoja. Kitabu kimoja hakiwezi kuwatosha wote wawili. Wa kwanza hukimaliza kwa siku mbili, na likizo yake ya kusoma ikaishia hapo. Wa pili hukwama katika sura ya kwanza, hukiweka kando, na wiki ya mwisho hutafuta muhtasari kwenye intaneti au kwa rafiki ili karatasi ya maswali ijazwe. Mwalimu husahihisha majibu yanayofanana, huweka alama, na hajui ni nani aliyesoma. Uchungu mkubwa zaidi ni kwamba yule wa pili, aliyehitaji mazoezi kuliko wenzake, amejifunza kwamba vitabu si vyake, na fikra hiyo ikimwingia mtoto katika umri huu huwa vigumu sana kuing'oa.

Wapo watakaosema kwamba mtoto akiachiwa achague atachukua vyepesi tu: vitabu vya vibonzo, hadithi za mpira, visa vya kutisha na mfululizo usiokwisha wa mhusika yuleyule. Nawaheshimu wanaotoa hoja hiyo, lakini sikubaliani nao. Kitabu cha vibonzo kilichotungwa vizuri kina msamiati mzito, na humtaka msomaji aunganishe picha na maneno, ajaze yaliyoachwa kati ya picha moja na nyingine, na atambue hisia ambazo hazikuandikwa. Vitabu vya mfululizo vina faida ambayo watu wazima huisahau: mtoto akishawajua wahusika, mahali na mtindo wa mwandishi, mzigo wa kuelewa hupungua, naye huweza kusoma kurasa mia mbili bila kuchoka ilhali kitabu kigeni kingemshinda kwenye ukurasa wa ishirini. Kurudia kitabu alichokipenda nako ni kusoma. Hata kukiacha kitabu njiani kwa sababu hakikumvutia ni uamuzi wa msomaji, na asiadhibiwe kwa hilo maadamu amechukua kingine.

Kumwachia mtoto achague hakumwondolei mwalimu kazi. James Kim alifanya utafiti mwingine pamoja na Thomas White, wakautoa mwaka 2008, kuhusu watoto wa darasa la tatu hadi la tano, na humo ilionekana kuwa kuwapa watoto vitabu vya likizo bila msaada wowote hakukuleta tofauti ya maana. Waliofaidika ni wale ambao walimu waliwaandaa kabla ya shule kufungwa, wakawafundisha namna ya kujiuliza kama wameelewa walichosoma, na ambao nyumbani kulikuwa na mtu wa kuwasikiliza wakisoma kwa sauti. Kwa hiyo natamani kuona wiki mbili za mwisho za muhula zikitumika maktabani: mwalimu na mkutubi wawasomee wanafunzi kurasa za mwanzo za vitabu vya kila aina, wawaonyeshe njia ya kupima ugumu kwa kuhesabu maneno wasiyoyajua katika ukurasa mmoja, na wamsaidie kila mmoja kupata vinne au vitano vinavyomfaa.

Hapa ndipo ninapoiona kasoro kubwa kuliko zote. Shule nyingi hukusanya vitabu vyote vya maktaba kabla ya likizo na kufunga mlango, kwa kuhofia kwamba vitapotea. Vitabu hukaa rafuni majuma yote ambayo watoto wana nafasi ya kuvisoma! Katika jimbo la Florida, Richard Allington na Anne McGill-Franzen waliwapa watoto wa madarasa ya chini, kutoka familia maskini, vitabu 12 kila kiangazi kwa miaka mitatu mfululizo, vikiwa vimechaguliwa na watoto wenyewe na kuwa mali yao kabisa, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2010 yalionyesha kuwa watoto hao waliwazidi wenzao waliokosa vitabu. Ikiwa kumpa mtoto kitabu moja kwa moja kuna faida kiasi hicho, kumwazimisha kwa likizo moja ni jambo dogo, na vichache vitakavyopotea vihesabiwe kuwa gharama ya kufundisha.

Kwa wazazi nina ombi moja tu. Msiulize, "Umefika ukurasa wa ngapi?" Ulizeni yule mhusika amefanya nini, na kama mtoto angekuwa yeye angefanya vipi, kisha msikilize jibu hadi mwisho. Mtoto wa umri huu huwa mzito kueleza yaliyomo moyoni mwake, lakini ya mhusika wa hadithi huyaeleza kwa urahisi, na mara nyingi ndani yake mtayasikia ya kwake.

Shule zitakapofunguliwa, karatasi ya maswali iachwe. Vipindi vya lugha vya juma la kwanza vitumike kwa kila mwanafunzi kuleta kitabu kimoja alichokisoma, kuwaeleza wenzake kwa nini kisomwe au kisisomwe, na kubadilishana na anayekitaka. Wakuu wa shule ambao bado hawajafunga muhula wana muda wa kutosha kuliagiza hilo na kuiacha maktaba wazi hadi siku ya mwisho.

Mwalimu wa lugha, shule ya kati