Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wapenzi wa Laurel na Hardy

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema tu kwamba ada zenu zimelipia ukumbi, leseni za maonyesho na balbu za projekta, ambazo bei yake inapanda kila tukinunua.

Suala lililotushughulisha zaidi mwaka huu ni viti. Wachekeshaji wetu Stan Laurel na Oliver Hardy walipokuwa kwa mtayarishaji Hal Roach, filamu zao zilijaribiwa mbele ya watazamaji kabla ya kutolewa, kisha zikahaririwa kwa kufuata urefu wa vicheko ili maneno yanayofuata yasimezwe. Ndiyo maana anayeitazama peke yake sebuleni huona Hardy anaikodolea kamera muda mrefu mno. Pengo lile ni la kicheko, na ukumbi wenye watu waliotawanyika haulijazi. Kwa hiyo waandaaji wapange viti pungufu ya watu wanaotarajiwa, vikaribiane, safu za mbele zijae kwanza. Vya ziada vikae ukutani. Taa zote zizimwe isipokuwa za milango ya dharura. Sauti ipandishwe kidogo kuliko ilivyofaa kwenye majaribio, kwa kuwa miili na makoti hunyonya sauti.

Malalamiko kuhusu kasi ya filamu bubu yalikuwa ya haki. Projekta yetu ya milimita 16 (upana wa mkanda) ina kasi mbili tu, fremu, yaani picha, 18 na 24 kwa sekunde, na zama za filamu bubu hazikuwa na kasi moja iliyokubalika. Kwa kazi zao za 1927 hadi 1929, fremu 18 huburuza vichekesho hadi vikafa; tumeamua kutumia 24, hata kama baadhi ya hatua zinaharakishwa kidogo. Wanaopanga ratiba wakumbuke kwamba rili (gurudumu la mkanda) ya futi 400 huchukua dakika 11 kwa kasi hiyo, lakini karibu 15 kwa fremu 18. The Music Box ya 1932, wanapopandisha piano kwenye ngazi ndefu, yenye dakika 29, inaenea kwenye rili moja ya futi 1,200, hivyo hakuna sababu ya kuwasha taa katikati ya ngazi.

Sasa mikanda. Kopo likifunguliwa na kutoa harufu ya siki, asetati, yaani plastiki ya mkanda wenyewe, imeanza kuoza. Mkanda hunywea, matundu yake hayalingani tena na meno ya projekta, na picha huanza kurukaruka kabla mkanda haujachanika. Uondolewe kwenye mfuko wa plastiki, utengwe na mingine (mvuke wake huiharakishia nayo kuoza), uwekwe penye baridi, ukavu na hewa. Ukinywea kufikia asilimia moja, haupiti kwenye projekta yetu, hata kama mwenye mkanda atanuna. Hofu ya moto iliyozungumzwa kikaoni haihusu milimita 16: hiyo tangu 1923 ilitolewa kwa mkanda wa usalama, usioshika moto kwa urahisi, tofauti na naitreti ya zamani ya milimita 35, iliyowaka upesi.

Msitupe kopo lisilo na lebo. Sehemu ya pili kamili ya The Battle of the Century ya 1927, ile ya vita vya pai, ilipatikana 2015 kwenye mkusanyo wa mtu binafsi. Hats Off ya mwaka huohuo, walipohangaika kupandisha mashine ya kufulia kwenye ngazi zilezile za Los Angeles za The Music Box, bado haijaonekana.

Kuhusu hakimiliki: filamu za 1929 ziliacha kulindwa nayo Marekani tarehe 1 Januari 2025. Hapa Uingereza hesabu ni nyingine, miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho kati ya mwongozaji, waandishi na mtunzi wa muziki wa filamu hiyo. Muziki mpya uliowekwa kwenye nakala iliyokarabatiwa nao una mwenyewe. Katibu aulizwe kabla ya tangazo kuchapishwa, si baada.

Pendekezo la kuomba kuwa tawi la Sons of the Desert, chama cha kimataifa cha wapenzi wa Laurel na Hardy kilichoanzishwa New York mwaka 1965, litapigiwa kura leo. Matawi yake huitwa mahema, na kila hema hubeba jina la filamu yao. Yanayopendwa yalichukuliwa zamani, basi njooni na majina ya filamu fupi.

Mwisho, anayejua kuendesha projekta ni mmoja tu, naye amechoka. Wawili wanaotaka kujifunza waandikishe majina kwa katibu kabla hatujatoka ukumbini.